Maji ya mto siku zisizo na mvua hutoka wapi?

Swali la msomaji: Kuna kijito ambacho hakikauki hata mvua ikikosekana miezi mitatu au minne. Kingine, upande wa pili wa kilima kile kile, hufurika mvua ikinyesha, lakini wiki mbili baadaye ni mawe matupu. Mvua ni ile ile. Shuleni tulifundishwa mzunguko wa maji: jua, mvuke, mawingu, mvua, mto, bahari. Hakuna aliyetueleza maji yanayotiririka siku zisizo na mvua yanatoka wapi. Je, yanatoka wapi, na kwa nini kijito kimoja kinadumu na kingine hakidumu?

Jibu: Maji hayo ni mvua, ila si ya juzi wala ya wiki iliyopita. Ni mvua iliyonyesha miezi kadhaa iliyopita, pengine miaka, ikazama ardhini, ikapenya polepole kati ya chembe za udongo na nyufa za miamba, na leo inajitokeza kwenye kingo na sakafu ya kijito. Kiangazi kinapokolea, karibu kila tone unaloliona mtoni limetoka ardhini. Kwa hiyo usitafute tofauti ya vijito vyako mawinguni. Itafute katika mambo mawili: ni kiasi gani cha mvua kiliingia ardhini badala ya kuteremka juu kwa juu, na ardhi yenyewe inakiachia kwa kasi gani.

Mchoro wa shuleni haukukudanganya, lakini uliruka hatua iliyo muhimu kuliko zote kwa swali lako. Mito yote ya dunia, ukiipima kwa mara moja, ina takriban kilomita za ujazo 2,100 za maji. Kwa mwaka mzima mito hiyo humwaga baharini takriban kilomita za ujazo 40,000. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, kisha zidisha kwa siku 365: unapata siku 19. Maana yake ni kwamba kama isingejazwa upya, mito ya dunia ingekuwa mitupu ndani ya wiki tatu. Kilichomo mtoni ni kidogo mno. Mto hudumu kwa sababu unalishwa saa zote, usiku na mchana, na anayeulisha siku za ukavu ni ardhi. Maji matamu yaliyomo ardhini ni karibu mara 5,000 ya yale yaliyomo mitoni. Mengi yako chini sana na hayatafika mtoni kwa muda wowote unaotuhusu, lakini hata sehemu ndogo ya juu inatosha kuibeba mito kiangazi chote.

Jambo hili halikujulikana mapema. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kuwa mvua haitoshi kulisha mito, wakadhani maji ya bahari hupanda kupitia mapango ya chini ya ardhi, yakichujwa chumvi njiani. Mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault alichapisha hesabu aliyoifanya kwenye sehemu ya juu ya mto Seine: alilinganisha mvua inayoangukia eneo hilo na maji yanayopita mtoni, akakuta mvua ni kama mara sita ya maji ya mto. Tangu hapo swali likageuka. Mvua inatosha na kubaki; kinachotakiwa kuelezwa ni wapi inakokwenda nyingine yote. Jibu ni kwamba sehemu kubwa hurudi hewani. Duniani kote, zaidi ya nusu ya mvua inayoangukia nchi kavu haifiki baharini kwa njia ya mto. Huvukizwa na jua au huvutwa na mizizi na kutolewa kama mvuke kupitia majani.

Mvua ikishagusa udongo

Udongo una kasi yake ya kunywa maji, na kasi hiyo hupimwa kwa milimita kwa saa. Udongo wa msituni, wenye mboji, matundu ya minyoo na njia za mizizi iliyooza, unaweza kunywa milimita 50 kwa saa na zaidi bila kutuamisha dimbwi. Udongo huo huo ukishindiliwa na kwato au mashine, au ukiachwa wazi matone yakaupiga hadi vinyweleo vyake, yaani matundu madogo kati ya chembe, vikazibika, hunywa milimita chache tu kwa saa. Sasa ije mvua ya milimita 30 kwa saa. Wa kwanza unaimaliza yote. Wa pili unaikataa sehemu kubwa, nayo huteremka juu ya ardhi hadi kijitoni, na kesho yake imeshakwenda zake. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo kilomita moja ya mraba ikikataa milimita 20, lita milioni 20 zimepotea kwenye akiba ya kiangazi kwa mvua ya siku moja.

Maji yaliyoingia nayo hayashuki moja kwa moja. Lazima kwanza tabaka la mizizi lishibe. Udongo tifutifu wenye kina cha mita moja hushika takriban milimita 150 za maji ambayo mimea inaweza kuyatumia, na kiangazi kikiisha mimea huwa imeyavuta karibu yote. Milimita 100 hadi 150 za mwanzo wa msimu huishia hapo, zikiziba pengo hilo. Hii ndiyo sababu mvua zinaweza kunyesha mwezi mzima na bado visima na vijito vikabaki chini, watu wakaona ajabu. Si ajabu. Udongo haujashiba bado. Ukishashiba, kila milimita inayozidi huanza kushuka hadi pale ambapo vinyweleo vyote vimejaa maji. Mpaka wa juu wa sehemu hiyo iliyojaa ndio usawa wa maji ya ardhini, ule unaokutana nao ukichimba kisima. Ndani ya kilima usawa huo huinuka kidogo, kwenye bonde hushuka, na pale unapokatana na uso wa ardhi ndipo chemchemi na kijito huanza.

Hapa kuna kosa linalofanywa na watu wengi, hata waliosoma: kudhani kuwa udongo unaoshika maji mengi ndio unaolisha mto vizuri. Mfinyanzi una nafasi nyingi kuliko mchanga. Karibu nusu ya ujazo wake inaweza kuwa maji, wakati mchanga ni kama robo hadi theluthi. Lakini vinyweleo vya mfinyanzi ni vidogo mno na maji huyang'ang'ania. Ukiuacha uchuruzike kwa uzito wa maji yenyewe, mfinyanzi hutoa asilimia 2 au 3 tu ya ujazo wake. Mchanga wa kati na mkubwa hutoa asilimia 20 na zaidi. Mita moja ya mchanga uliojaa inaweza kukipa kijito milimita 200 za maji. Mita moja ya mfinyanzi, 30 au pungufu. Mwamba mgumu kama itale, usio na nyufa, hautoi chochote cha maana, ingawa juu yake mara nyingi kuna tabaka la mwamba uliooza, lenye kina cha mita kadhaa hadi makumi, na hilo ndilo linalobeba vijito vingi vya nchi za joto.

Kasi nayo ina kanuni yake. Mwaka 1856 mhandisi Henry Darcy, wa mji wa Dijon nchini Ufaransa, alichapisha matokeo ya kupitisha maji kwenye mabomba yaliyojazwa mchanga. Aligundua kwamba kiasi kinachopita hulingana na mteremko wa maji na tabia ya kitu yanachopitia. Mteremko ukiongezeka maradufu, maji nayo huongezeka maradufu. Tofauti kati ya kitu na kitu ndiyo inayoshangaza: kokoto safi huweza kupitisha maji kwa mamia ya mita kwa siku, mchanga mita moja hadi makumi, na mfinyanzi chini ya milimita moja, mteremko ukiwa sawa kwa wote.

Tuweke hesabu. Chukua mchanga unaopitisha mita 10 kwa siku, na usawa wa maji unaoteremka mita 1 kwa kila mita 100. Zidisha 10 kwa 0.01, kisha gawanya kwa 0.25, kwa kuwa maji hupita kwenye vinyweleo tu, ambavyo ni robo ya ujazo. Unapata mita 0.4 kwa siku, au mita 146 kwa mwaka. Tone lililozama mita 300 kutoka kijitoni litafika baada ya miaka miwili. Hii ndiyo sababu kiangazi kimoja hakitoshi kumaliza akiba, na ndiyo sababu pia mwaka mmoja wa ukame hauishi athari zake mvua zinaporudi.

Miamba ya chokaa haifuati hesabu hiyo. Maji yenye asidi kidogo huiyeyusha na kufungua mapango, na tone linaweza kwenda kilomita kadhaa kwa siku chache. Chemchemi za huko huwa kubwa sana, lakini hupanda na kushuka kwa ghafla, na huchafuka upesi kwa sababu hakuna mchanga wa kuzichuja.

Kama maji yanachukua miaka miwili, mbona kijito hujaa saa chache baada ya mvua?

Hukuuliza hili, lakini ukiishayaelewa yaliyotangulia lazima likusumbue. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliojaa maji tayari. Ukifungua bomba, maji hutoka upande wa pili papo hapo, lakini yanayotoka si yale yaliyoingia sasa hivi. Ni yale yaliyokuwa ndani. Ardhi iliyoloa hufanya hivyo hivyo. Mvua mpya huinua usawa wa maji karibu na kingo, msukumo husafiri upesi kuliko maji yenyewe, na maji ya zamani husukumwa mtoni.

Hili limepimwa. Molekuli chache za maji zina atomu nzito zaidi za oksijeni na haidrojeni, na uwiano wake hubadilika kutoka mvua moja hadi nyingine. Ukipima mvua, maji ya ardhini na maji ya mto wakati wa gharika, unaweza kugawanya mto kuwa maji mapya na maji ya zamani. Tangu miaka ya 1970 vipimo hivyo vimeonyesha tena na tena kwamba kwenye mabonde yenye mimea na mvua za kutosha, zaidi ya nusu ya maji ya mafuriko huwa yalikuwa ardhini kabla mvua ile haijaanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia takwimu za mito mingi ya dunia, ulikadiria kuwa theluthi moja tu hivi ya maji ya mito ni mvua yenye umri chini ya miezi mitatu.

Kwenye mabonde makavu, yenye udongo ulioshindiliwa au mwamba wazi, mambo ni kinyume. Huko mafuriko ni maji mapya kweli kweli, na yakipita hayajaacha kitu nyuma. Kijito chako cha pili kina dalili zote za kuwa cha aina hii.

Vijito vitatu kwa hesabu

Mvua ikishakatika, kijito kinachotegemea akiba ya ardhini hupungua kwa njia inayotabirika: kila siku hupoteza takriban asilimia ile ile ya kilichokuwepo jana. Asilimia hiyo ni tabia ya bonde, kama alama yake, na ndiyo inayoamua nani atadumu. Tuseme vijito vitatu vyote vinaanza na lita 170 kwa sekunde. Cha kwanza hupungua nusu ya asilimia moja kwa siku. Baada ya siku 90 bado kina lita 108. Cha pili hupungua asilimia 2. Baada ya siku hizo hizo kina lita 28. Cha tatu hupungua asilimia 5, na siku ya 90 kina chini ya lita 2, kiasi ambacho hupotelea kwenye kokoto bila kuonekana. Wote walianza sawa.

Kutokana na asilimia hiyo unaweza kujua ardhi imebakiza maji kiasi gani. Chukua mtiririko wa leo kwa siku nzima, ugawanye kwa kiwango cha kupungua. Lita 170 kwa sekunde ni mita za ujazo 14,688 kwa siku. Ukigawanya kwa 0.02, yaani asilimia 2 ya kijito cha pili, unapata mita za ujazo 734,400. Hiyo ndiyo akiba yote itakayopitia kijitoni, mvua isiponyesha tena. Kama bonde lina kilomita za mraba 20, akiba hiyo ni sawa na milimita 37 tu za mvua. Na ikiwa mwamba wake hutoa asilimia 10 ya ujazo wake, usawa wa maji ya ardhini utakuwa umeshuka sentimita 37 kwa wastani mpaka kijito kinakatika. Napenda watu waione hesabu hii, kwa sababu inaonyesha jinsi tofauti kati ya kijito hai na mawe makavu ilivyo nyembamba.

Mfano mzuri wa asili uko Angola, kwenye mito miwili inayolisha delta ya Okavango nchini Botswana. Cubango hupita kwenye eneo lenye miamba mingi na mteremko mkali zaidi upande wa juu, nao hupanda kwa nguvu na kushuka kwa nguvu. Cuito hutoka kwenye mchanga mzito wa Kalahari, na mtiririko wake hubaki tulivu mwaka mzima. Ndio unaoibeba Okavango katika miezi ya ukavu.

Si kila mto wa kiangazi hulishwa na ardhi peke yake. Nile Nyeupe hutulizwa na Ziwa Victoria na maziwa mengine, ndiyo maana haibadiliki sana, wakati Nile ya Buluu hufurika karibu na Agosti kisha hupungua sana. Mabwawa ya asili si lazima yasaidie: kwenye kinamasi cha Sudd, Nile Nyeupe hupoteza karibu nusu ya maji yake hewani. Barafu na theluji nazo hulisha mito kama Indus. Lakini usidhani kila mto unaotoka kwenye mlima wenye barafu unategemea barafu hiyo. Mito ya Kilimanjaro hutegemea hasa mvua na ukungu wa ukanda wa msitu. Barafu ya kileleni huchangia kidogo sana.

Kuna njia rahisi ya kutambua anayekilisha kijito. Simika kijiti chenye alama za milimita kwenye maji yaliyotulia, usome alfajiri, adhuhuri, na jioni kwa siku tatu zisizo na mvua. Mto wa barafu au theluji hupanda alasiri au jioni, baada ya jua kuyeyusha. Kijito cha maji ya ardhini chenye miti kando yake hufanya kinyume: hushuka alasiri, wakati mizizi inavuta kwa nguvu, na hupanda tena usiku. Kijito kisiposhuka wala kupanda, inaelekea maji yanatoka kwenye kina ambacho mizizi haifiki.

Cha kutazama kwenye kilima chako

Anza na mahali maji yanapotokea. Tembea kando ya kijito kinachodumu, kiangazi kikiwa kimekolea, uweke alama kila chemchemi na kila sehemu yenye unyevu. Zikiwa zimejipanga kwenye kimo kimoja, karibu kila mara kuna tabaka la mfinyanzi au mwamba mgumu hapo, na juu yake tabaka linalopitisha maji. Kisha tazama tabaka hilo limelalia upande gani. Likiinamia upande wa kijito kinachodumu, basi mvua inayoangukia upande wa pili wa kilima inaweza kuzama, kupita chini ya kilele na kuja kutokea upande huu. Mstari unaogawa maji ya juu ya ardhi si lazima uwe ule unaogawa maji ya chini. Kwa vijito viwili vinavyogawana kilima kimoja, hili ndilo jambo la kwanza ningelishuku.

Pili, pima joto la maji. Maji ya ardhini hukaa karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima, hivyo penye chemchemi kwenye sakafu maji huwa baridi kuliko mengine mchana wa jua na vuguvugu alfajiri ya baridi. Kipimo kidogo cha upitishaji umeme husaidia pia, kwa kuwa maji yaliyokaa muda mrefu kwenye mwamba huyeyusha madini mengi zaidi. Usomaji ukipanda kadiri kijito kinavyopungua, akiba ya kina ndiyo iliyobaki kazini.

Tatu, kijito kilichokauka kichimbe. Mita moja chini ya kokoto au mchanga mara nyingi maji bado yanatembea. Kama yapo, kijito hakijafa. Sakafu yake inapitisha maji zaidi kuliko yanayoletwa. Kama hakuna hata kwenye kina cha mita mbili, usawa wa maji ya ardhini umeshuka chini ya sakafu, na sasa mvua ya kwanza itakayoteremka humo itanywewa na mto wenyewe kabla ya kwenda mbali.

Angalia pia kama sakafu imechimbika. Mmomonyoko unapokata korongo lenye kina cha mita mbili au tatu, unashusha mahali pa kutokea maji, na akiba yote iliyokuwa juu ya kina hicho huchuruzika upesi. Watu huona korongo kama upotevu wa udongo tu. Kwa kijito ni upotevu wa maji ya kiangazi.

Kuhusu miti, niseme wazi maana ushauri unaotolewa mara nyingi ni nusu tu. Msitu wa asili hufungua udongo na kuruhusu mvua izame, na kuukata kisha kuacha ardhi ikanyagwe hudhuru kijito. Lakini miti nayo hunywa, na ile inayokua haraka hunywa sana. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, bonde dogo lenye nyasi lilipandwa mikaratusi mwaka 1969. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na umri wa miaka 16, na bado mtiririko wa kudumu haukurudi hadi miaka mitano baadaye, kwa kuwa mizizi ilikuwa imetumia akiba ya kina ambayo lazima ijazwe kwanza. Sheria ya maji ya nchi hiyo ya mwaka 1998 inahesabu mashamba ya miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito. Ukitaka kurudisha kijito, anza kwa kulinda majani na vichaka vya asili kwenye miteremko, zuia mifugo isishindilie ardhi, na usipande mikaratusi kandokando ya maji.

Pampu za visima ni jambo jingine la kuuliza. Kisima kilicho karibu na kijito mwanzoni hutumia akiba inayokizunguka, kisha taratibu huanza kuchukua maji ambayo yangetokea kijitoni. Athari inaweza kuchelewa miezi au miaka, na hata pampu ikizimwa haiishi siku hiyo hiyo, kwa hiyo si rahisi mtu kuihusisha na kisima.

Namna ya kupima

Ngoja siku tano hadi saba baada ya mvua ya mwisho ili maji ya juu yaishe. Chagua kipande kilichonyooka cha mita 10. Pima upana, kisha kina katika sehemu tano au sita kwenye upana huo, utafute wastani. Dondosha kipande cha mti kinachoelea juu kidogo ya alama ya kwanza, uhesabu sekunde hadi alama ya pili, urudie mara tano katikati na kandokando. Tuseme upana ni mita 2, wastani wa kina mita 0.25, na muda sekunde 25. Kasi ya juu ya maji ni mita 0.4 kwa sekunde. Lakini maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisha kwa 0.85 kama sakafu ni laini na kina ni cha kutosha. Kwenye mawe na kina kifupi tumia 0.65 hadi 0.7. Hapa, kwa sakafu laini, ni 2 × 0.25 × 0.4 × 0.85 = mita za ujazo 0.17, yaani lita 170 kwa sekunde. Mtiririko ukiwa mdogo mno kwa njia hii, ukusanye kwa bomba kwenye kizingiti kidogo cha udongo: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 8, kijito kina lita 2.5 kwa sekunde.

Rudia kila wiki, saa ile ile, alfajiri ikiwezekana, na kila mara ugawanye kipimo cha wiki hii kwa cha wiki iliyopita. Uwiano wa 0.97 unaonyesha kupungua kwa nusu ya asilimia kwa siku; 0.87 ni asilimia 2, 0.70 ni asilimia 5. Uwiano ukianza na 0.75 kisha ukapanda hadi 0.95, bonde lina akiba mbili: ya juu, kwenye kingo na udongo, imekwisha, na ya kina ndiyo inayoendelea kulisha. Uwiano ukikaa sawa wiki nne na zaidi, unaweza kuutumia kukadiria siku kijito kitakapokatika. Ukianza kushuka, kwa mfano kutoka 0.90 hadi 0.80, wakati hakuna kilichobadilika angani, kuna kitu kinachochukua maji kabla hayajafika kwenye kipimo chako: pampu, mfereji, mizizi, au kokoto zinazoyanywa upande wa juu. Panda na kijito, upime tena kila mita 200 siku hiyo hiyo, na pale tarakimu inaposhuka ghafla ndipo pa kutafuta.